Mgonjwa wa figo na karambola

Dada, umeuliza kama mama yako mwenye ugonjwa wa figo anaweza kula karambola ulizomnunulia soko la Mbuyuni, Moshi. Asile hata kipande. Tunda hili la umbo la nyota lina oksaleti nyingi (kemikali ya asili inayoweza kuumiza figo ikizidi) na sumu iitwayo karamboksini, ambayo figo zenye afya huitoa mwilini, lakini figo dhaifu huiacha ifike kwenye ubongo na kuleta kwikwi isiyokoma (dalili ambayo wengi huidharau), kutapika, kuchanganyikiwa, degedege, hata kifo. Ikiwa ameshaonja, mpeleke hospitali leo hii, kwani huenda akahitaji kusafishwa damu kwa mashine. Wewe mwenye afya unaweza kula, na gramu 100 zina takriban miligramu 34 za vitamini C, ila usinywe juisi yake nyingi tumbo likiwa tupu.