Barua kwa mwanangu: dini bila Mungu, yawezekana?

Mwanangu,

Salamu alaikum. Huku hatujambo, ila joto la kaskazi halijatuacha.

Umeniuliza kama mtu asiyeamini kwamba kuna Mungu aweza kuwa na dini, au walau maisha ya roho, ama anajidanganya tu. Tena ukaniomba nisikujibu kwa machozi wala kwa dua. Dua nitakuombea, hilo hunizuii. Jibu ni hili.

Kiswahili chetu chenyewe hakikusaidii. Hapa kwetu tukisema fulani "hana dini," mara nyingi hatuzungumzii itikadi yake. Twasema amedhulumu yatima au amekula amana ya mtu. Ukimwambia ami yako "mimi sina dini," atasikia kwamba umekuwa mwizi. Kwa hivyo tenga mambo manne. Imani ni lile unalolikubali kuwa kweli. Ibada ni lile unalolitenda kwa wakati wake. Jamaa ni wale unaolitenda nao. Mwiko ni lile unalojizuia nalo hata likikutamanisha. Wewe umeacha la kwanza, nawe wataka kujua kama yale matatu yatasimama bila hilo.

Katika Uislamu hayasimami, na sitakuficha. Katika madhehebu yetu ya Shafi, nguzo ya kwanza ya swala ni nia. Ukirukuu na kusujudu bila ya nia, umenyoosha mgongo tu. Basi usiswali kwa kutuonyesha sisi, na ukisukumwa mbele uwe imamu, kataa. Sema una udhuru, urudi nyuma.

Lakini kuna waliosimamisha yale matatu bila ya Muumba, na huna haja ya kupanda ndege kuwaona. Hekalu la Wajaini, wafuasi wa dini ya kale ya India, liko papo hapo Langoni, Mombasa, tangu mwaka 1963. Ukienda, vua viatu, na mkanda wa ngozi uuache nje. Wajaini hufundisha kwamba ulimwengu haukuumbwa na yeyote, hauna mwanzo wala mwisho. Walimu wao wakuu 24, wa mwisho akiwa Mahavira, hawaombwi mali wala watoto. Waheshimiwa kwa sababu walijishinda nafsi. Dua yao kubwa haitaji jina la mungu hata mmoja: ni kuinamia makundi matano ya watu waliofika mbali katika njia hiyo, hadi watawa wote. Na usidhani ni dini nyepesi. Kikao chao cha utulivu ni dakika 48 kamili. Mwenye kushika sana hali chakula baada ya jua kutua, wala hagusi viazi, karoti na vitunguu, kwa kuwa ukiung'oa mzizi umeua mmea mzima na vijidudu vyake. Kila mwaka wana siku nane za kufunga na kujihesabu, na siku ya mwisho huendeana kuombana msamaha, mkubwa kwa mdogo.

Mwaka huohuo wa 1963, kule Michigan, Marekani, rabi Sherwin Wine alianzisha kusanyiko la Wayahudi waliobaki na mishumaa ya Sabato na karamu ya Pasaka lakini wakaliondoa jina la Mungu katika maneno yao. Kabla yao, Felix Adler alikuwa ameanzisha jumuiya ya maadili New York mwaka 1876: hukutana, husikiliza hotuba, huwafundisha watoto maadili, na hakuna anayeulizwa itikadi. Wabudha nadhani unawajua.

Sasa tazama kitu kimoja. Wote hao wana saa, wana watu, wana mwiko. Wenzio wengi wanaosema "mimi ni wa kiroho tu, si wa dini" hawana hata kimoja. Wana ubani, wana muziki laini, na wana hamu inayokuja ikiondoka. Hapo ndipo mambo huharibika, na Mungu hahusiki.

Kwa hiyo anza na saa. Adhana ya alfajiri itakuamsha upende usipende, basi itumie. Kaa dakika 10 tu, kwa wiki mbili, kisha 20. Keti juu ya mto wa kimo cha sentimita 15 hivi, nyonga ziwe juu kuliko magoti. Magoti yakining'inia mgongo utauma, nawe utaacha ukisema huna kipaji. Hesabu pumzi zinapotoka, moja hadi kumi, kisha rudi moja. Ukipotea kwenye nne, au ukijikuta umefika kumi na saba, rudi moja bila kujikaripia. Huko kurudi ndiko kazi yenyewe. Usiivute pumzi kwa nguvu, utapata kizunguzungu. Usingizi ukikushika, fungua macho au simama. Na ukiwa na msiba mbichi moyoni au ndoto za kutisha, usijifungie gizani macho yamefumbwa: tembea polepole pale ufukweni Mama Ngina, uhesabu hatua badala ya pumzi.

Usiku, kabla ya kulala, fanya muhasaba, yaani jihesabu. Nimemdhuru nani leo? Nani amenitendea mema nisimshukuru? Kesho nitengeneze lipi? Andika mstari mmoja kwa kila swali, usizidishe. Wanaoandika kurasa tatu huanza kujipamba.

Mali nayo iwe na kipimo. Zaka ni asilimia 2.5, yaani moja katika arobaini, ya mali iliyofika nisabu, kile kiwango cha chini, na kutimiza mwaka. Wewe toa moja katika arobaini ya mshahara: katika kila shilingi 40,000, shilingi 1,000, siku ileile unapolipwa. Usipoweka kipimo utatoa unapoona huruma tu, na huruma humwendea mwenye uso mzuri.

Watu ndio wagumu kupatikana. Watano wanatosha, siku moja ya wiki, mahali pamoja, na kiongozi abadilike kila mwezi. Kikundi kisicho na kanuni huishia mikononi mwa mwenye sauti kubwa. Yaliyofukuliwa katika msitu wa Shakahola, Kilifi, mwaka 2023, maiti zaidi ya 400, yalitokana na mhubiri aliyetaja Mungu kila siku, lakini usidhani kutomtaja ni kinga. Mwalimu anayekukataza hospitali, anayekutenga na jamaa zako, au anayeulizia hati ya shamba, mkimbie hata akiwa anafundisha kupumua.

Kwenye misiba yetu, njoo. Beba jeneza, tia zile konzi tatu za mchanga kaburini, gawa kahawa. Watu wakipanga safu kwa swala ya maiti, simama kando kwa adabu. Ni takbira nne tu, hazichukui muda. Kwenye hitima ukipewa juzuu ya Kurani na kusoma wajua, hilo liachie dhamira yako. Mchana wa Ramadhani usile mbele ya nyumba, basi.

Jambo la mwisho ni la sheria, na hili usilifanye kwa hasira. Katiba ya Kenya ya 2010, kifungu cha 32, inakulinda: hulazimishwi kutenda lililo kinyume na imani yako. Mahakamani waweza kuthibitisha ukweli bila kiapo cha dini, na ndoa ya serikali ipo, kwa notisi ya siku zisizopungua 21. Lakini ukitangaza hadharani kwamba umeritadi, yaani umetoka katika Uislamu, kwa sharia humrithi Mwislamu, na nikaha yako yaingia mashakani. Zungumza na mkeo kabla ya kuzungumza na mtaa.

Ukija Idi, niletee kipimo cha nyonga hadi goti. Sufi ya kujazia iko stoo, nitakushonea huo mto.

Mamako