Usimruhusu fundi atupe vikombe vya hiyo Raleigh

Ndugu yangu, umesema baiskeli ya Raleigh ya babu yako imefika kutoka Kipushi, unataka kujua piesi zipi ni za asili, upake rangi gani, matairi utayapata wapi. Halafu mwishoni, kama jambo dogo, unasema fundi wa Katuba ataifungua Jumamosi, aweke vikombe vipya vya pedali, yaani vile vyuma vya duara vinavyoshika gololi za ekseli ya pedali, na vya zamani avitupe. Hapo ndipo damu imenichemka. Mpigie simu leo, mwambie asiguse.

Fremu nyingi za zamani za Raleigh za Nottingham, Uingereza, lile tundu la chini ambamo ekseli ya pedali inazunguka lina nyuzi (yale meno ya skrubu) 26 kwa inchi. Baiskeli nyingine nyingi za Kiingereza zina nyuzi 24. Kipenyo hakipishani, ndiyo maana kikombe kigeni kinaingia vizuri mzunguko wa kwanza, kisha kinakaza. Fundi mwenye haraka anasema ni kutu. Anatia mafuta, anachukua spana ndefu, analalia. Na kweli kinaingia, kwa sababu kinazikata nyuzi za fremu.

Kinga yangu, yaani baiskeli, iliuawa hivyo hivyo hapa Lubumbashi, na mtu aliyeniapia kwamba piesi za Kiingereza zote ni moja. Nilikuwa nimesimama pembeni yake. Vumbi la chuma jipya lilikuwa linadondoka kwenye kadibodi, jeupe, linang'aa. Namuonyesha, ananijibu ni uchafu wa zamani. Chuma kilichokaa miaka ndani ya grisi hakitoi uchafu mweupe! Mvua za mwaka ule hazijaisha, ekseli ikawa inacheza, cheni inaruka kila mlima. Nikamrudia nikitaka vikombe vyangu vya asili: vimeshakwenda na wanunuzi wa vyuma chakavu. Dawa yake? Tuchomelee. Akichomelea, kikombe na fremu vinakuwa chuma kimoja, hutabadilisha kitu humo tena. Na alitaka nilipe kwa hilo pia. Mpaka leo nikipita karibu na karakana yake nabadilisha njia.

Kwa hiyo shika hili moja: piesi isitoke mkononi mwako kabla hujaisoma na kuilinganisha. Hata nati. Iliyochakaa nayo weka kwenye kopo, kwa sababu ndiyo kipimo utakachokwenda nacho sokoni. Kikombe cha muuzaji kikutanishe na chako meno kwa meno, uviinue kwenye mwanga. Nyuzi zikilingana zinakaa ndani ya nyingine, mwanga haupiti. Za 24 na 26 zinaanza vizuri pembeni, halafu zinaachana na unaona nafasi. Muuzaji akikasirika, mwache akasirike.

Tena huenda huhitaji vikombe vipya kabisa. Vifute, pitisha ncha ya msumari polepole kwenye njia ya gololi. Ikiteleza bila kukwama, badilisha gololi tu, za robo inchi, 11 kila upande, na grisi mpya. Ukikuta mashimo, tafuta kikombe kwenye fremu iliyokufa ya Raleigh nyingine, au Rudge na Humber zilizotengenezwa Nottingham baada ya Raleigh kuzinunua, Humber mwaka 1932 na Rudge 1943. Utazitambua kwenye gurudumu la meno la pedali: Raleigh ina vichwa vya ndege korongo, Rudge ina kiganja cha mkono. Na kikombe cha upande wa cheni kinafunguka kinyume, kuelekea saa inakokwenda. Asiyejua hilo anakikaza huku anadhani anakifungua, kisha analeta nyundo.

Ulisema utajua mwaka wa baiskeli kwa namba ya kwenye habu, kile kitovu cha gurudumu. Kama ni Sturmey-Archer ya gia tatu, kweli, karibu na herufi AW kuna tarakimu za mwaka, mara nyingi na za mwezi. Lakini hizo zinakupa umri wa habu. Kinga iliyobeba makala (mkaa) miaka yote hiyo inaweza kuwa imebadilishiwa gurudumu, kwa hiyo usiitupe piesi nyingine eti haifanani na mwaka wa habu.

Na shingo ya uma wa mbele nayo ni nyuzi 26, kwa hiyo akikwambia abadilishe na nati za usukani, jibu ni lile lile. Leo jioni ilaze kinga ubavu, piga picha kila upande kabla hakijafunguliwa chochote, uziweke hapa tuzione. Kama fundi ameshaanza, nenda ukachukue kopo la vyuma vyako kabla hajafagia.