Mbunge wa zamani kuwa jaji? Ndiyo

Mdogo wangu wa Kondele, umeuliza kama wakili akishakuwa mbunge hawezi tena kuwa jaji. Anaweza kabisa. Mtazame Njoki Ndung'u. Alikuwa wakili, akateuliwa mbunge katika Bunge la Tisa, na mwaka 2011 akaapishwa jaji wa Mahakama ya Juu. Yeye ndiye aliyepeleka bungeni mswada uliozaa Sheria ya Makosa ya Kingono ya mwaka 2006. Sheria hiyo ndiyo inayotumika hapa Kisumu kila kesi ya unajisi inaposikizwa, na anayemnajisi mtoto wa miaka 11 au chini anafungwa maisha. Kwangu mimi hiyo ni kazi kubwa kuliko hotuba mia za jukwaani.

Katiba, kifungu cha 166, inadai uzoefu wa sheria: miaka 10 kwa Mahakama Kuu, 15 kwa Mahakama ya Juu. Ila ukishakuwa jaji, vyeo vya chama marufuku, na ukitaka kiti cha ubunge lazima ujiuzulu kwanza. Kwa hivyo usiogope siasa, lakini anza na uwakili, uukalie miaka ya kutosha.