Maji yaliyopita na maji yaliyopotea

Wadogo zangu mnaoanza kazi kwenye mabwawa ya umeme, kuna neno moja mlishike kwa tahadhari: matumizi.

Mwaka wangu wa kwanza nilitumwa kusoma takwimu mbele ya jumuiya ya watumia maji. Nikataja mita za ujazo zilizopita mitamboni mwezi ule, nikaziita matumizi ya kituo. Mzee mmoja mkulima wa mpunga akasimama: "Kumbe sisi tunafungiwa mifereji, nyinyi mnakunywa yote hayo?" Kikao kikavunjika. Takwimu zilikuwa sahihi. Neno ndilo lililoniponza.

Turbini haiyanywi maji, inavuna ule mshuko wake. Pale kituo cha Mtera, kwenye mto Ruaha Mkuu, Tanzania, maji yanashuka kama mita 100, hivyo uniti moja ya umeme inadai takriban mita 4 za ujazo. Maji yale yale yakifika Kidatu, kituo cha chini zaidi mtoni, yanashuka tena kama mita 175, na safari hii mita za ujazo 2 na kitu zinatosha. Kihansi, kituo kingine penye mshuko wa zaidi ya mita 800, mita 1 tu ya ujazo inatoa karibu uniti 2.

Upotevu uko juani. Mtera likijaa linatanda karibu kilomita za mraba 600, tena kwenye nchi kame. Jua likiramba milimita 5 kwa siku, hizo ni mita za ujazo milioni 3 ambazo Kidatu haitaziona. Kwa hiyo beseni la kupimia mvuke lisomeni kwa heshima, saa ile ile kila asubuhi. Siku moja nilikuta maji yamepungua maradufu ya kawaida, nikalilaumu jua. Kumbe wavu ulikuwa umetoboka, njiwa wanaoga humo! Siku hizi natafuta manyoya kwanza, ndipo nishike kalamu. Na beseni la bati hupata joto upesi kuliko bwawa, basi zidisha namba ya beseni kwa 0.7 hivi kabla hujaiandika kuwa ya bwawa.

Ila msije mkaona maji yaliyopita hayana deni. Kihansi, tangu mwaka 2000, maji mengi yaligeuziwa handakini kwenda mitamboni, na manyunyu ya maporomoko yakakatika. Yakawekwa mabomba ya kunyunyizia maji korongoni. Mwaka 2009 vyura wa Kihansi, walioishi kwenye manyunyu hayo, wakatangazwa kuwa wametoweka porini, maradhi nayo yakitajwa miongoni mwa sababu.