Kabla hujaweka NOT NULL kwenye tebo kubwa, soma hii kwanza

Jamani msifanye kama mimi. Kuna mfumo wa mauzo nauhudumia hapa Dodoma, maduka ya jumla, moja liko Majengo na mengine Kibaigwa, tebo ya mauzo ina rekodi kama milioni 20 hivi na kolamu ya tawi_id (namba ya tawi lililouza) ilikuwa inaruhusu null, yaani kuachwa tupu. Bosi kila mwezi analalamika, ukijumlisha ripoti ya matawi haifikii mauzo yote, kumbe kuna mauzo hayana tawi yanadondokea njiani.

Nikaona isiwe tabu, Jumamosi saa nne asubuhi nikapiga SET NOT NULL, amri ya kukataza null kwenye kolamu, ndani ya Postgres, hifadhidata tunayotumia. Dakika mbili simu hiyo: "Kaka mashine imegoma, mteja kashapakia mchele kwenye guta na risiti hakuna!"

Ile amri inashika loki (kufuli la tebo) ya ACCESS EXCLUSIVE, hata anayesoma tu haingii, halafu inakagua tebo nzima. Ila yangu haikuwa hata imeanza! Mhasibu alikuwa kafungua ripoti ya mwaka mzima, amri yangu ikawa inamsubiri yeye, na kila muuzaji aliyekuja nyuma akawa anaisubiri amri yangu. Siku hizi sigusi tebo bila SET lock_timeout = '2s', ikikosa loki ndani ya sekunde mbili inajitoa yenyewe najaribu baadaye.

Sasa nafanya hivi. Narekebisha programu iache kuingiza null, kisha najaza zile za zamani elfu tano tano, nakomiti (nahifadhi mabadiliko moja kwa moja) kila fungu, maana UPDATE moja ya mamilioni inavimbisha tebo bure. Na usijaze namba 1 ili mradi imejaa, huo ni uongo, sisi yale mauzo tusiyojua yalitoka wapi tuliyafungulia tawi la "haijulikani" na bosi akakubali japo kwa kununa.

Halafu naongeza CHECK (sharti ambalo rekodi lazima ilitimize) ya tawi_id IS NOT NULL nikimalizia na NOT VALID, hiyo haikagui za zamani ila inabana zinazoingia. Angalizo, inabana hata ukihariri rekodi ya zamani yenye null, ndo maana najaza kwanza. Kisha VALIDATE CONSTRAINT, hii inakagua zote huku watu wanasoma na kuandika kama kawaida. Mwisho SET NOT NULL, na kuanzia Postgres 12 ikikuta CHECK hiyo imeshathibitishwa hairudii kukagua, inaisha hapo hapo, CHECK unaifuta. Wenye toleo la 18 mna raha, NOT NULL yenyewe inakubali NOT VALID.

Mara ya pili VALIDATE ilichukua dakika kadhaa, risiti zinatoka, hakuna aliyepiga simu. Mhasibu nilimuomba ripoti zake za mwaka azifungue usiku, kanijibu usiku yeye analala.