Mzazi kavimba mguu mmoja: msimkande, mpelekeni hospitali leo

Waalaykumu salaam kaka. Nimekusoma: mkeo kajifungua kwa operesheni, mguu wa kushoto umevimba na unamuuma kuanzia nyuma ya goti kushuka chini, na mama mkwe keshamwita mkandaji aje jioni. Mkandaji asimguse kwanza. Mdogo wangu yalimkuta haya haya huku Pemba, tena ndani ya arubaini, ndiyo maana nakujibu kwa urefu.

Mguu mmoja ukivimba peke yake, ukawa wa moto na msuli wa nyuma ukauma, la kwanza kulidhania ni damu iliyoganda ndani ya mshipa mkubwa. Kwa waja wazito na wazazi huwa zaidi kushoto, maana mshipa unaorudisha damu ya mguu huo hubanwa na ateri, yaani mshipa unaotoa damu moyoni, ndani ya nyonga. Bonge likimeguka hupanda mpaka mapafuni likaziba njia ya damu, na hilo linaua. Kuchua mguu ndiko kunakoweza kulimegua. Akianza kuhema ghafla, kifua kikamchoma akivuta pumzi, akakohoa damu au akazirai, usingoje kuche, tafuta gari saa hiyo hiyo.

Kwa mama mkwe usiende na ubishi. Mama yetu alishika lake kwamba mzazi asipokandwa damu mbovu haimtoki. Tukamlipa mkandaji ujira wake wote, tukamwambia aje tukishapata majibu ya daktari. Hakuna aliyevunjiwa heshima, na mguu haukuguswa.

Hospitali useme waziwazi: kajifungua kwa kupasuliwa, mguu mmoja umevimba, tunaomba apimwe mishipa ya mguu kwa ultrasaundi. Mahali pa kwanza tulipokwenda sisi tuliambiwa ni uchovu wa uzazi, tukapewa diklofenaki, dawa ya maumivu. Hatukuridhika, tukaenda kwengine. Kipimo kikichelewa na daktari ana shaka kubwa, anaweza kuanza sindano kabla ya majibu. Muulize.

Sindano zenyewe ni za heparini, hupigwa chini ya ngozi ya tumbo. Halafu huja vidonge vya warfarini, na viwili hivyo huenda pamoja siku 5 au zaidi kwa kuwa warfarini huchelewa kushika. Dawa hizi haziyeyushi bonge. Zinalizuia lisikue, mwili wenyewe ulimalize pole pole. Kwa hiyo mguu ukinywea wiki ya pili msiseme kapona mkaacha. Matibabu ni miezi 3 kwa uchache. Kunyonyesha kwa warfarini hakuna tatizo, mtoto aendelee.

Kazi iko kwenye kipimo cha INR, kinachoonyesha damu imelainika kiasi gani. Mara nyingi hutakiwa kiwe kati ya 2 na 3. Chini ya hapo damu inaweza kuganda tena, juu yake anaweza kuvuja damu. Mwanzoni hupimwa mara kwa mara, na nauli ya kwenda mjini ndiyo inayowashinda wengi. Ipangieni fedha mapema, hata kwa kuchangishana ukoo mzima.

Mchicha, kisamvu na matembele vina vitamini K, ambayo hupunguza nguvu ya warfarini. Hakukatazwa kula. Ale kiasi kile kile kila wiki, si leo sufuria zima, wiki ijayo hata jani. Diklofenaki, ibuprofeni na aspirini asinywe bila daktari kujua, wala asipigwe chuku wakati huu. Kitunguu thomu cha mchuzini sawa, lakini zile dozi za thomu na asali za kusafisha damu aziache. Fizi zikitoka damu zenyewe, au choo kikawa cheusi, arudi hospitali.

Kwa mnaosoma na waliojifungua majumbani kwenu ni wazima: wiki 6 za mwanzo, yaani karibu arubaini yote, ndizo zenye hatari kubwa. Kukaa ndani si kulala kutwa. Mzazi atembee ukumbini na uani, anywe maji. Aliyepasuliwa, mnene sana, au aliyewahi kuganda damu, aulize mapema kama anahitaji sindano za kinga.

Na wewe kaka, baadaye mkitaka uzazi wa mpango, mkeo aseme aliwahi kuganda damu, maana vidonge vyenye homoni ya estrojeni havimfai. Akishika mimba nyengine aende kliniki mwanzoni kabisa, na kama bado yuko kwenye warfarini amuone daktari siku hiyo hiyo, kwani inaweza kumdhuru mtoto tumboni. Heparini ndiyo hutumika badala yake.