Jibu: Hema Ushongo, maji yaliingia usiku

Habari mkuu. Umesema hema ulipiga mchana kwenye mchanga mkavu, ufukweni Ushongo, kusini mwa Pangani, usiku maji yakakufuata. Kwanza angalia mwezi: ukiandama au ukiwa mpevu ni bamvua, yaani siku za maji makubwa: maji hupanda mbali kuliko siku za maji mafu, yaani maji madogo. Tafuta mstari wa mwani mkavu ulio juu kabisa, piga hema nyuma yake. Ila usikimbilie chini ya mnazi wenye nazi! Vigingi mchangani havishiki. Jaza viroba mchanga, funga kamba, fukia kina cha mkono hadi kiwiko. Mwombe ruhusa mwenye shamba utakapopiga hema. Noti ndogondogo tafuta Pangani kabla hujavuka mto kwenda Bweni. Maziwe, lile fungu la mchanga baharini, nenda maji yakipwa tu. Yakijaa, fungu lote huzama.